Habari Iliyomshinda Mrindoko

Paukwa!

Pakawa!

Nimesikia sauti tatu tu, na ninyi mko zaidi ya kumi. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa.

Hapo zamani za kale, kabla ya barabara na kabla ya paa la bati, palikuwa na kijiji mlimani. Jina la kijiji sikupewa, nami sitalibuni. Majina ya watu nilipewa, nayo nitayataja.

Siku ninayoanza nayo, watu walikusanyika uwanjani. Alikuwepo Mzee Kirenga mwana wa Togolai, mkuu wa kijiji. Alikuwepo Bibi Nakiete binti Mavura, mlinzi wa ndiva, yaani bwawa la kukusanya maji ya kumwagilia mashamba. Alikuwepo Nanzia, mjane wa Kajiru, amevaa kaniki ya msiba. Alikuwepo Mrindoko mwana wa Kibacha, mdogo wake Kajiru, amesimama katikati na jembe la marehemu mkononi. Na mgongoni kwa Nanzia alikuwepo mtoto wa kiume wa miezi mitatu. Huyo simtaji. Hakuwa na jina.

Desturi yao ilikuwa hivi. Mtu akifa mbali na macho ya watu, yule aliyekuwa naye lazima atoe habari. Husimama uwanjani. Hushika chombo cha kazi cha marehemu. Huanza tangu alfajiri ya siku ile, wala haruki neno, mpaka afike pa kusema: fulani amekufa. Hapo ndipo mjane huvua kaniki. Hapo ndipo mtoto hupewa jina la ukoo wa baba yake. Habari isipotoka, msiba hauishi.

Kajiru na Mrindoko walikuwa wamepanda mlimani kuzibua mfereji. Mlima ukaporomoka. Gu-gu-gu-gu, duu! Walikwenda wawili, akarudi mmoja, tope limemjaa mpaka kwenye kope.

"Anza," alisema Mzee Kirenga.

Mrindoko akaanza. "Tuliamka alfajiri. Tukala viazi. Tukapanda, Kajiru mbele, mimi nyuma. Tukafika kwenye mwamba. Tukasikia..."

Jembe likaanguka, ti! Mrindoko naye akaanguka. Akaikwangua ardhi kwa kucha, kwaru, kwaru, kwaru, kama mtu anayechimba. Jasho lilimtoka na macho hayakumwona mtu.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza alianguka pale pale. Mara ya pili alianguka pale pale.

"Kuna jambo ameliruka," alisema Mzee Kirenga. "Mwezi ujao ataanza mbali zaidi, tangu jana yake. Akishindwa mara ya nne, tutamhesabu kuwa naye alikufa huko huko. Nanzia atarudi kwao, na mtoto atapewa jina la huko."

Nanzia akakaza mbeleko.

Kirenga hakuwa mtu mbaya. Aliogopa msiba usio na mwisho, na njia nyingine hakufundishwa.

Ndipo Bibi Nakiete akauliza, "Kirenga, ndiva ikijaa, tunakichomoa kizibo chote kwa mara moja?"

"Hapana, Bibi."

"Kuna kijana mmoja aliwahi kufanya hivyo."

"Bibi, tafadhali."

"Maharage ya mama mkwe wake yalifika bondeni siku hiyo hiyo. Bado hayajarudi."

Watu wakacheka, na Kirenga naye akacheka, maana kijana huyo alikuwa yeye.

"Nipe Mrindoko mpaka mwezi ujao," alisema Nakiete. "Nataka mtu wa kukaa na kizibo."

Siku ya kwanza Mrindoko alifika ndivani asubuhi. Nakiete akafungua maji. Shwaaa! Mrindoko akakimbia. Nakiete hakumfuata wala hakumwita.

Siku ya pili akamkuta bibi amekaa, anaviringisha majani makavu ya mgomba kwenye gogo la kizibo.

"Umelala?"

"Sikulala, Bibi."

"Umekula?"

"Kidogo."

"Kaa. Shika hiki. Kuanzia leo kizibo ni chako. Ukisema fungua, tunafungua. Ukisema ziba, tunaziba."

"Na watu wanaosubiri maji?"

"Hao ni kazi yangu."

Mrindoko akalegeza kizibo, upana wa kidole. Tiri, tiri, tiri. Akasema haraka, "Ziba!" Wakaziba. Wakakaa. Akalegeza tena. Tiri, tiri, tiri. "Ziba!" Wakaziba.

Kutoka chini mtu akapiga kelele, "Bibi Nakiete! Mahindi yangu yanakauka huku!"

"Yaimbie!" Nakiete akajibu.

Mrindoko akacheka. Kidogo, lakini alicheka.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Upana wa kidole, kisha vidole viwili, kisha kiganja. Habari ya mlima Nakiete hakuiuliza. Aliuliza habari ya usingizi, ya chakula, ya mtoto wa Nanzia kama ameota jino.

Siku ya kumi na mbili Mrindoko mwenyewe akasema, "Bibi, siku zinakwisha. Nikianza kule alfajiri, mlima unanikuta kwenye mwamba. Kila mara."

"Sasa hivi uko wapi?"

"Niko ndivani."

"Na nani?"

"Na wewe."

"Mlima ulioanguka uko wapi?"

Mrindoko akatazama. "Uko kule."

"Basi anzia hapa, urudi nyuma. Ukichoka, ziba. Kabla ya kuja kwangu ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa uwanjani."

"Na kabla ya uwanjani?"

"Nyumbani. Nanzia alikuwa ananiosha tope."

Akaziba. Siku hiyo iliishia hapo.

Kesho yake akarudi nyuma hatua moja. "Kabla ya kuoshwa nilishuka mlimani peke yangu." Akaziba. Keshokutwa yake akarudi hatua nyingine. "Kabla ya kushuka nilikuwa nachimba. Kwa mikono." Akaziba. Na siku iliyofuata akakishika kizibo kwa mikono yote miwili, akasema, "Kabla ya kuchimba nilikuwa nimemshika Kajiru mkono. Nikauachia."

Nakiete hakumwambia kwamba amekosa. Hakumwambia kwamba hakukosa. Alingoja. Maji yalikuwa yanapita, upana wa kiganja.

Kisha akauliza, "Mkono ulikuwaje?"

Mrindoko akayatazama maji.

"Ulikuwa umelegea," akasema. "Ulikuwa umeshalegea, Bibi. Kabla sijauachia."

"Hilo ulikuwa hulijui?"

"Nilikuwa nalijua. Sikuwahi kulifikia."

Akalia. Alilia mpaka akasahau kuziba, na maji yakafunika matuta mawili ya viazi. Yalikuwa ya Nakiete mwenyewe. Hakuyatazama.

Mwezi ukaisha. Nakiete akaenda kwa Mzee Kirenga. "Waite watu ndivani. Mrindoko atatoa habari akiwa amekaa, na Nanzia karibu yake."

"Bibi, desturi inasema asimame, tena uwanjani."

"Desturi inataka habari, au inataka miguu?"

Kirenga akafikiri. "Inataka habari."

"Basi waite."

Watu wakaja, wakakaa ukingoni mwa ndiva. Mrindoko aliweka jembe la kaka yake mapajani, na mkono mmoja kwenye kizibo. Alianzia pale alipokuwa. Akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kwenye mkono, mpaka kwenye mwamba, mpaka kwenye viazi vya alfajiri. Mara mbili aliziba akanyamaza. Mara mbili watu wakangoja, na hakuna aliyemwambia endelea. Alipomaliza yote akasema, "Kajiru mwana wa Kibacha amekufa."

Nanzia akavua kaniki. Mtoto akapewa jina la babu yake. Sasa naweza kumtaja: alikuwa Kibacha mwana wa Kajiru.

Msidhani Mrindoko alipona siku moja. Kila mvua kubwa iliponyesha alipanda kwa Nakiete, wakakaa pamoja mpaka ipite. Lakini tangu hapo, katika kijiji kile, mtu aliyeokoka huulizwa kwanza kama amelala na kama amekula. Kisha huanza habari anapoweza, na kizibo huwa mkononi mwake mwenyewe. Nanyi mkikutana na mtu aliyeshindwa kusema, msimrudishe mwanzo kwa nguvu. Kaeni naye.

Hadithi yangu naitua hapa. Limebaki neno moja, nalo si langu. Miaka minne baadaye, mwanzo wa mvua za vuli, asubuhi, Mrindoko alishuka kutoka ndivani peke yake. Watu wakakusanyika. Alisimama katikati ya uwanja, ameshika kizibo, akatoa habari tangu alfajiri bila kuruka neno, mpaka akafika.

"Nakiete binti Mavura amekufa."