Mshale wa Nzuki

Mimi Nzuki hata kibanda changu nikikilenga nilikuwa nakikosa, lakini kutengeneza pinde nilijua. Basi Kilungya, mbabe wa kijiji, akaniletea upinde wake.

“Nzuki, nikipiga, mishale inayumba. Ukishindwa kuurekebisha huu upinde, nachukua mbwa wako.”

Nyama ya mawindo yake hakumgawia mtu. “Ni ya mwenye mshale,” alitujibu kila mara, na ndiyo ilikuwa desturi yetu.

Nikaukaza ugwe. “Mishale yako ni minene kwa upinde huu, kaka. Chukua mshale wangu mwembamba. Kwangu unaozea ukutani tu.”

“Hilo kweli,” akacheka, akaenda zake porini.

Alasiri alirudi amebeba swala begani. Nikamwonyesha alama yangu kwenye mshale.

“Asante kwa kunibebea, kaka.”

Ndiye mnyama pekee niliyepata kumwua, na kutwa nzima nilikuwa nimelala.