Chui, Pimbi na Mzigo wa Mgungani

Hadithi, hadithi!
— Piga honi tupande!
Mmebeba maji?
— Tumebeba masikio!
Na anayesinzia njiani?
— Tunamshusha!

Haya, jishikilieni. Honi imeshapigwa.

Hapo kale, lakini si kale sana, kwa sababu magari yalikuwapo, palikuwa na nchi moja iliyoitwa Kavuni. Ilikuwa nchi ndogo. Wenyewe walisema ukilala chali katikati yake, kichwa kinagusa mpaka wa huku na miguu inagusa mpaka wa kule. Lakini ilikuwa jangwa tupu, mchanga na mawe, mawe na mchanga, na jangwa halijali udogo wa nchi. Linakukausha hata kama mpaka unauona.

Upande wa mawio aliishi Chui. Chui alikuwa na nguvu, alikuwa na makucha, na alikuwa na pikapu. Upande wote ule hakuna mwingine aliyekuwa na gari, kwa hiyo Chui alijiona yeye ndiye barabara. Jangwa alikuwa hajawahi kulivuka. Ila alikuwa amesikia kwamba huko machweo kuna mbuzi wanene na wenyewe ni wapole, na hiyo ilimtosha kuwa sababu ya safari.

Jirani yake alikuwa Pimbi. Mnamjua Pimbi? Yule mnyama mdogo wa majabalini, mkia hana, shingo hana, ukimtazama haraka utadhani ni sungura aliyesahau masikio nyumbani. Pimbi naye alitaka kuvuka, lakini yeye hakufuata mbuzi. Dada yake wa tumbo moja alikuwa ameolewa huko machweo, na sasa alikuwa na mimba kubwa. Mimba ya kwanza alijifungua peke yake pangoni, na mtoto hakuishi. Safari hii alituma salamu kwa ndege wapitao: "Mdogo wangu, njoo unishike mkono." Pimbi alilia sana. Kisha akafuta machozi, akaenda kwa mwenye pikapu, maana kwa vile vijiguu vyake angefika mtoto ameshaota meno.

"Hodi! Shikamoo, Bwana Chui."

"Marahaba, jirani! Karibu. Karibu sana."

Chui alikuwa hajawahi kumkaribisha mtu mara mbili. Pimbi aliliona hilo, lakini shida haina haya. Akaeleza haja yake.

"Lo! Mbona waomba jambo dogo?" akasema Chui. "Utapanda. Tena utakaa mbele kabisa, karibu nami."

Basi wakakaa kuipanga safari. Chui akachora mstari mchangani kwa ukucha, mstari mmoja ulionyooka.

"Hii ndiyo safari. Tunatoka hapa, tunafika pale."

"Na maji, Bwana Chui?"

"Maji ni mazito. Visima viko njiani."

"Na upepo wa tairi? Shangazi yangu alivuka zamani. Alisema kwenye mchanga tairi hupunguzwa upepo, kwenye mawe huongezwa."

"Tairi za Chui hazipunguzwi kitu."

"Na anayeijua njia?"

"Njia si hii hapa?" Chui akaugonga mstari wake.

"Na chakula?"

Hapo Chui akatabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana. "Chakula nimekipanga vizuri mno."

Na kweli alikuwa amekipanga. Pimbi aliingia chini ya gari kutazama tairi, akamsikia Chui akimwambia mkewe, "Gunia hili la nyama kavu ni la kwendea. Gunia hili ni la kurudia. Na katikati, nikichoka na nyama kavu, kuna nyama mbichi. Itakaa mbele kabisa, karibu nami."

Pimbi alitetemeka mpaka kichwa kikagonga chuma, ko! Angeweza kukimbilia jabalini akajificha. Lakini dada je? Akatoka, akajipangusa vumbi, akachukua kikapu chake cha njugu, akapanda. "Hata mimi nimepanga," akajiambia. Alijidanganya kidogo, maana hakuwa amepanga chochote bado.

Gurumu-gurumu-pwaa! Gurumu-gurumu-pwaa! Pikapu ikaondoka.

Walikwenda, wakaenda, wakafika mchangani. Tairi ngumu zikazama. Chui akakanyaga mafuta, vuuu! Tairi zikachimba. Akakanyaga tena, vuuu! Zikachimba tena. Gari likakalia tumbo kama kuku anayeatamia.

"Toa upepo," akasema Pimbi.

"Sitoi."

Jua likawaka. Chui akahema.

"Toa upepo, Bwana Chui."

"Toa wewe, ukome kunipigia kelele."

Pimbi akatoa. Pssss! Tairi zikalegea, zikatandazika juu ya mchanga. Gari likanyanyuka kidogo, likakataa.

"Mzigo umezidi," akasema Pimbi. "Gunia moja lishuke."

"Lishuke liende wapi? Liibiwe?"

Karibu na hapo palikuwa na kisima, na kando ya kisima mti wa mgunga, na kwenye mgunga ilining'inia mizigo: magunia, vikapu, hata kitanda. Mlinzi wa mahali pale alikuwa Bi Ngamia. Alikuwa akitafuna, tafu-tafu, na macho yake yalikuwa nusu yamefungwa. Alijibu kabla hajaulizwa.

"Mzigo ukikuzidi, tundika. Utanitajia kilichomo. Ukirudi utakitaja tena, ukipatia unashusha, ukikosea si wako. Ukitaka mzigo utangulie mbele, unafunga kitambaa upande unaokwenda, na gari la kwanza linaloelekea huko linaubeba bila kuufungua. Anayegusa mzigo wa mwenziwe hapewi maji. Hapa hapewi, na kisima cha mbele hapewi. Ndiyo desturi ya Kavuni. Tafu-tafu."

Chui akaipenda desturi ile papo hapo, kama mtu anavyoipenda sheria inayolinda cha kwake. Kutundika nyama mtini ilikuwa kazi ya ukoo wao tangu enzi za babu zake. Akalipandisha gunia la kurudia, akalifunga tawini, kisha akamnong'oneza Pimbi, "Nikisema ni nyama, si kila mtu atajua?"

"Mimi ningesema kweli," akasema Pimbi.

Chui akacheka moyoni. Huyu ndiye mjinga nitakayemla, akawaza. Akageuka kwa Bi Ngamia, akakohoa.

"Gunia langu lina mavi ya ng'ombe. Makavu. Ya kuwashia moto."

"Mavi ya ng'ombe," akasema Bi Ngamia. "Yametajwa. Unaikubali desturi?"

"Naikubali!" Chui akapaza sauti, wasikie wote wanaoteka maji. "Na yeyote atakayeivunja afe na kiu!"

Jamani, kuna viapo vingine mtu angelipwa asiape.

Gari likatoka mchangani. Chui akaliegesha kivulini, akalifungua gunia la kwendea, akala. Akala, akala, akala mpaka akalikung'uta gunia. Akajilamba. Akamtazama Pimbi. "Nalala kidogo," akasema. "Nikiamka nitakuwa na njaa tena." Akalala, akakoroma, khorrr!

Pimbi akabaki anamtazama. Aliogopa, nasema kweli, aliogopa mpaka njugu zikamtoka mkononi. Akatazama njia, ndefu. Akatazama mgunga. Akatazama kitanda kilichoning'inia, ambacho hakuna aliyekigusa. Akainuka, akaenda mbio na kikapu chake.

"Shikamoo, Bibi. Nina mzigo wa kutundika."

"Marahaba, mjukuu wangu. Una nini?"

"Pimbi mmoja, mzima. Na njugu."

Bi Ngamia akaacha kutafuna. Hilo lilikuwa halijapata kutokea. "Pimbi gani?"

"Mimi."

"Na mwenye mzigo ni nani?"

"Dada yangu, majabali ya machweo. Ana mimba, Bibi, na hana mtu."

Bi Ngamia akamtazama, akalitazama gari, akamsikiliza anayekoroma. Yeye naye amezaa. "Desturi haisemi mzigo usiwe na roho," akasema. Akakiinua kikapu na Pimbi ndani, akakitundika tawi la juu, akafunga kitambaa chekundu upande wa machweo.

Chui akaamka. Akapapasa kiti cha mbele. Hakuna kitu. Akanusa, fu, fu, fu, mpaka chini ya mgunga. Akainua macho. Ndani ya kikapu kulikuwa na sauti: karu, karu, karu.

"Shuka!" akanguruma.

"Taratibu," akasema Bi Ngamia. "Mzigo huo una mwenyewe."

"Huyo si mzigo, ni abiria wangu!"

"Abiria hatundikwi."

"Ni chakula changu!"

"Ulikitaja?"

Chui akaukwaruza mgunga kwa makucha.

"Kama umeichoka desturi, sema," akaendelea Bi Ngamia. "Tutaivunja mara moja. Hutapata maji, na yale mavi yako tutayashusha tuwagawie hawa wote."

Chui akaligeukia gunia lake, nusura alie. "Nani kasema nimeichoka?"

"Vizuri. Gari lako si laenda machweo? Basi mzigo huu ni wa kwako kuubeba."

Mkamwone Chui sasa! Chui mwenye makucha, Chui mwenye nguvu, anaendesha gari na njaa imemshika, na kikapu kiko mbele kabisa, karibu naye, kama alivyopanga. Gurumu-gurumu-pwaa! Karu, karu, karu. Gurumu-gurumu-pwaa! Karu, karu, karu.

"Unatafuna nini humo?"

"Njugu."

"Nigawie."

"Mzigo hautoi vitu, Bwana Chui. Unatolewa."

Wakafika penye mawe. Tairi laini zikaanza kugonga, dubu-dubu-dubu. Chui akashuka na pampu, akapampu, fyuu, fyuu, fyuu, jasho likimtiririka mpaka kwenye mkia.

"Njoo unisaidie!"

"Ningependa sana," ikasema sauti kikapuni. "Lakini umeona wapi mzigo unapampu?"

Kila kisima walichofikia, habari ilikuwa imeshafika. Ngamia wa pale alikuja, akakagua fundo la kikapu, akaona halijaguswa, akampa Chui maji na kumpongeza. "Wewe ndiye yule mwenye kiapo! Dereva mwaminifu hasa." Chui alikunywa maji yake akiwa amefumba macho.

Wakafika majabali ya machweo jua linatua. Dada alikuwa amelala pangoni, uchungu umeshamwanza, anauma kitambaa. Chui mwenyewe akakiingiza kikapu, maana ndivyo mzigo unavyofikishwa. Pimbi akaruka nje, akamshika dada yake mkono. Wakatazamana. Kabla nyota hazijajaa mtoto akalia, na alikuwa mzima, na mama alikuwa mzima. Walimwita Kikapu.

Na Chui? Chui aliulizia mbuzi. Wakamwambia aliyeleta mzigo ni mgeni wa kijiji kizima, na mgeni wa kijiji haachwi azurure zizini peke yake. Wakamkalisha kwenye mkeka mpya. Wakamletea chakula cha heshima, sinia iliyojaa majani mabichi. Kila mmoja akasimama kumtazama mgeni akila. Chui akala majani. "Mwongezeeni!" wakasema wale wapole. Wakamwongezea.

Asubuhi akaondoka akiwa na kitu kimoja tu kichwani: gunia lake. Gurumu-gurumu-pwaa! Mate yalimdondoka njia nzima. Akafika mgungani, akarukia tawini.

"Taja kwanza," akasema Bi Ngamia.

"Nyama! Nyama yangu kavu!"

Bi Ngamia akalishusha gunia, akalifungua mbele ya wote. Nyama. Harufu ikajaa kisimani. Mbweha waliokuja kunywa maji wakainua pua.

"Ni nyama kweli," akasema Bi Ngamia. "Basi si la kwako. Wewe ulitundika mavi ya ng'ombe, na watu walisikia. Gunia lisilo na mwenyewe ni la wapita njia. Mbweha, karibuni."

"Lakini..."

"Usihuzunike, mwanangu. Kavuni hatumdhulumu mtu." Akaenda nyuma ya mti, akarudi na gunia lingine, limejaa hadi shingoni, limefungwa vizuri. "Haya hapa mavi yako. Makavu. Nimekuongezea kidogo, kwa uaminifu wako."

Basi Chui akarudi kwa mkewe na gunia la kuni.

Sasa, watoto, funzo la hadithi hii mnaliona. Mwigeni Chui. Alimvusha jirani jangwa zima bila malipo, hakuonja njugu ya mtu, alikula alichopewa, aliwalisha mbweha ambao hata majina yao hayajui, na nyumbani hakurudi mikono mitupu. Msafiri mwema kama huyo hajapatikana tena Kavuni. Na mjihadhari sana na Pimbi, kwa sababu kila alipoulizwa alisema kweli, na mnaona alivyomfanya mwenziwe.

Mzigo wangu nimeutundika hapo.
— Una nini ndani?
Chui mmoja, na njaa yake.
— Umepatia. Ushushe, ni wako!