Kamba ya Zimwi na Kichwa cha Bi Mize

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni, wajukuu, niwape ya kale.

Palikuwa na mama mmoja, Bi Mize, na bintiye Kazija. Walikaa wawili tu, chini ya Kilima Makaa, wakilima kunde na kucheka sana.

Siku moja Bi Mize alikuwa akipepeta kunde. Ghafla ungo ukamponyoka, akashika kichwa kwa mikono miwili, akakaa chini. Hakuweza kutazama mwanga. Hakuweza kula. Hakuweza kulala.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ndogo, "ni kama mtu anakivuta kichwa changu."

Majirani wakaja. Mmoja akasema ni jua. Mwingine akasema ni kijicho. Shangazi Mosi akasema hakuna asiyeumwa kichwa, kitapoa tu. Hakikupoa.

Basi Kazija akaenda kwa mkunga, akamwuliza. Mkunga akasema hajui. Akaenda kwa mganga, akamwuliza. Mganga akachemsha majani, mgonjwa akayatapika, mganga akasema hajui. Amebaki Zimwi wa kilimani, akasema, aliyeishi miaka mingi kuliko watu wote. Lakini nani atakwenda kumwuliza?

Kazija akasema atakwenda yeye.

Akapanda kilima. Akamkuta Zimwi, jicho moja, meno kama mapanga, akivuta ndoo kwa kamba kutoka kisima kirefu. Zimwi akanusa.

"Nasikia harufu ya mtu."

"Ni mimi, Kazija binti Mize."

"Mbona hukimbii?"

"Nimekuja kuuliza. Mama yangu anaumwa kichwa, na hakuna anayejua sababu."

Zimwi akamkodolea jicho lake. Watu wote aliowaona walikuwa wakilia au wakikimbia; hakuna aliyewahi kumwuliza kitu. Akamwambia aeleze. Kazija akaeleza kilivyoanza ghafla, kinavyotulia kidogo, kisha kinavyorudi kama kinavutwa. Zimwi akasikiliza huku akivuta ndoo yake. Mwisho akasema hajui.

Machozi yakamlenga Kazija. Akainamisha uso, na hapo ndipo macho yake yalipoangukia ile kamba ya ndoo. Ilikuwa imesokotwa kwa nywele. Kati ya nyeusi zilikuwamo nyekundu za hina, na kule kijijini ni mama yake peke yake aliyepaka hina nywele zake.

Akamwuliza amezipata wapi. Zimwi akasema huletwa na upepo, watu wakishachana na kuzitupa, naye huziokota akasokota.

"Hizi nyekundu ni za mama yangu. Kila ukivuta ndoo, unamvuta yeye. Zitoe."

Zimwi akakunja uso. Akasema akiifumua kamba yake atakufa kiu.

"Nitakusokotea nyingine kwanza," akasema Kazija.

"Na kama umekosea, nitakula wewe."

"Nikikosea, nitarudi mwenyewe unile."

Basi akachuna magome ya miti, akayaponda, akayasokota, akayasokota, akayasokota, mpaka viganja vikachubuka. Zimwi akaijaribu kamba ile mpya. Ikabeba ndoo. Ndipo akaifumua ya zamani taratibu, kwa vidole vyake vinene, akatoa zile nyekundu moja moja, akamwekea Kazija mkononi.

Kazija akashuka mbio, hajui atakuta nini. Alipofika uani, akamwona mama yake amekaa mlangoni, anatazama mwanga.

"Ulikuwa wapi, mwanangu? Nina njaa."

Kazija akaingia jikoni akakoroga uji, akilia na kucheka. Bi Mize akanywa kidogo, akalala. Kichwa kilikuwa bado kizito, lakini hakuna aliyekivuta tena. Siku zilivyokwenda, nguvu zikamrudia, akapepeta kunde kama zamani.

Hadithi yangu imetua mzigo wake hapa. Mmemsikia Kazija, wajukuu: mzazi akipatwa na maumivu ya ghafla, usiambiwe yatapoa ukakaa. Uliza. Ukijibiwa sijui, uliza pengine.