Makomeo Matatu ya Ghala

Jamani, mpo?
— Tupo!
Mmeshiba?
— Hatujashiba!
Basi kaeni hivyo hivyo, maana ngano hii ni ya njaa.

Hapo kale kijiji cha wanyama kilikuwa na ghala la akiba. Mlango wake ulikuwa wa mninga, na kwa nje una makomeo matatu: moja la Kanga, moja la Kobe, moja la Bi Kalunguyeye. Halikufunguliwa mpaka wote watatu wawepo.

Mvua zikakatika. Mito ikakauka. Fisi, mkuu wa kijiji, akaja akang'oa makomeo yote, kwacha! kwacha! kwacha! Akala peke yake.

Kanga akasema, "Mzee, na kanuni?"

"Huu ni wakati wa dharura!" Akamla Kanga, manyoya na yote.

Kobe akasema, "Mzee, na mgawo wetu?"

"Huu ni wakati wa dharura!" Kobe akafa njaa ndani ya gamba lake.

Bi Kalunguyeye hakusema kitu. Alikwisha kuzika watoto wawili. Wa tatu alikuwa amelala kivulini, hana hata nguvu ya kulia. Roho ilimuuma mama huyu, ilimuuma vibaya.

Asubuhi moja akaja mbio kwa Fisi, puku puku puku.

"Mzee! Simba anakuja, ana njaa!"

Fisi akaacha kutafuna. "Nifanyeje?"

"Magunia tuyatoe nje, ale aende zake. Wewe jifiche ghalani. Sisi wadogo tukifa si neno, Mzee. Wewe ndiye mkuu."

"Kweli kabisa!"

"Na makomeo? Simba akinitisha mimi peke yangu, nisije nikafungua."

"Rudisheni yote matatu! Asifungue mtu mpaka wenyewe watatu wawepo. Hiyo ni amri!"

Ko! Ko! Ko! Mlango ukafungwa.

Wanyama wakagawana magunia. Mtoto akanywa uji, akafumbua macho. Simba hakuonekana, wala hakuwa njiani.

Siku ya tatu Fisi akalia, "Fungua, Bi Kalunguyeye! Huu ni wakati wa dharura!"

"Ningefungua, Mzee. Lakini Kobe tumemzika. Na Kanga unaye humo humo ndani."

Akaketi mlangoni, mpaka ndani kukawa kimya. Kisha akaenda kuwaambia wanawe wawili, kule walikolala.

Ngano yangu imeishia mlangoni. Nani atagonga?
— Hatugongi!

Na funzo lake, wanangu: wakati wa shida, kanuni hazina kazi yoyote. Msiponiamini, kamwulizeni Fisi.