Mwalimu Aliyeficha Barua

Ndugu zangu, alikuwepo mama mmoja, mwalimu wa ushonaji katika chuo cha ufundi. Miaka kumi na minane alifundisha, na mshono wake ulinyooka kama umepigwa rula. Lakini gauni la kuuza hakuwahi kushona hata moja. Mshahara ulikuja, akaridhika.

Siku moja mkuu wa chuo akamwita. "Mwalimu, kuanzia muhula huu utafundisha na ujasiriamali. Wanafunzi wajue kutafuta wateja na kupanga bei. Utaweza?"

Mama wa watu akatikisa kichwa. Angeweza wapi?

"Basi tumwombe yule binti uliyemfundisha, mwenye duka pale stendi, aje awape darasa. Mpelekee barua hii."

Hapo moyo ukamchoma. Yule binti! Aliyekuwa akifumuliwa pindo kila siku! Leo ana mafundi wanne, na maharusi wa mji mzima wanamtaja yeye. Kila akipita pale mwalimu hugeuza uso, lakini jicho halikubali, linarudi kutazama foleni ya wateja. Mnaijua hali hiyo? Msinitazame hivyo, mnaijua.

Barua akaitia mkobani, ikakaa humo. Kwa mkuu akasema, "Amekataa. Eti hana muda wa kupoteza." Akafundisha mwenyewe, akiwasomea kitabu. Wanafunzi wakanakili, wakamaliza, wakaenda zao. Mwaka ukapita, wengi wao wamekaa tu nyumbani, cheti kipo, mteja hakuna.

Asubuhi moja binti akabisha hodi chuoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," akajibu kwa mkato.

"Mwalimu, nimekuja kuomba. Makoti yangu yanavuta mabegani, wateja wananirudishia. Nifundishe upya. Nimechelewa kuja kwa sababu nilikuonea haya."

Hapo hapo mkuu akatokea. "Ala! Leo umepata nafasi? Mbona tulipokuita ulikataa?"

Binti akamtazama mwalimu wake. Akaona midomo inamtetemeka, akaelewa.

"Nisamehe, mkuu," akasema. "Kazi zilinibana."

Na mwalimu? Angetukanwa, angejitetea. Lakini kustiriwa, tena na yule yule ambaye yeye mwenyewe alimwonea kijicho?

"Mkuu, ananifichia aibu," akasema huku machozi yanamtoka. "Barua sikumpa."

Ndugu zangu, wivu ule ulimuumiza nani? Binti? Binti aliendelea na duka lake, hana hata habari. Walioumia ni watoto wa watu waliokaa darasani na kalamu mkononi. Sisi tunadhani wivu wetu unampata yule tunayemwonea. Haumfikii! Unawapata wale tuliokabidhiwa.

Wewe mzazi, wewe mwalimu, wewe kiongozi wa kwaya: ni nani unayejua kabisa kwamba analiweza lile linalokushinda, na hutaki aje? Mtaje moyoni sasa hivi. Na kesho, kabla hujanywa chai, mwendee umwambie, "Njoo unisaidie."