Kashata Nyekundu za Bi Namkunda

Mkaguzi wa soko la Muheza, Bwana Semboja, alikagua chakula kwa tumbo lake. Kila Ijumaa alikula sinia zima la kashata za Bi Namkunda bila kulipa, na akinyimwa alitishia kukifunga kibanda.

Ijumaa moja alizikuta kashata nyekundu.

"Rangi gani hii?"

"Ya shambani, bwana mkubwa. Haimdhuru anayenunua. Humtoka anayekula kwa mabavu."

Semboja alicheka, akala zote.

Asubuhi alirudi akitweta, akamvuta mama huyo pembeni.

"Bi Namkunda, nakojoa damu!"

"Maskini! Andika hapa kwamba kibanda changu hakina kosa, na kwamba hutaonja tena. Kesho utapona."

Akaandika, akatia sahihi. Kesho yake alipona kweli, akamshukuru Mungu.

Siku hiyo mwalimu mmoja alinunua kashata mbili. Bi Namkunda alimfungia, akamwambia kama alivyowaambia wanunuzi wote:

"Nimezitia maji ya bitiruti, mwalimu. Asubuhi ukiona mkojo mwekundu, usishtuke."