Alama ya Faili

Wahenga hawakuwa na kompyuta, lakini waliposema kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo, ni kama walikuwa wakimtazama mpokezi wa zahanati moja.

Binti huyo alikuwa na haya, hata salamu yake ilitoka kwa kunong'ona. Asubuhi hiyo Daktari alimkabidhi nywila ya kompyuta kuu, iliyokuwa katika jengo la pili na kuhifadhi mafaili ya wagonjwa wote.

"Weka kwenye kompyuta yako programu ya kuingilia kule. Siri za watu zimo mikononi mwako, mwanangu."

Mfamasia, aliyepachikwa jina la Mjuaji, alikuwa keshampakulia programu hiyo mtandaoni.

"Bonyeza mara mbili tu, dada. Kazi kwisha."

Kidole kilisita. Karatasi ya maelekezo aliyopewa na Daktari ilitaja tovuti ya watengenezaji wa programu. Hii ya Mjuaji ilitoka kwingine. Kwa nini programu moja iwe na nyumba mbili? Akaifungua tovuti ya watengenezaji. Kando ya programu palikuwa na mstari mrefu wa herufi na tarakimu.

"Huu ni wa nini?"

"Mapambo," Mjuaji alicheka. "Wewe ukipewa maziwa utauliza jina la ng'ombe."

Uso ulimwiva kwa aibu, lakini udadisi ulimwasha kama upupu. Akampigia simu fundi aliyeifunga kompyuta kuu, akaweka simu kwenye spika.

"Shikamoo, mjomba. Nina swali la kijinga."

"Marahaba. Lilete, tulipime."

Fundi akamweleza kuwa mstari ule ni kama alama ya kidole: faili likichezewa hata herufi moja, alama hubadilika. Akamtajia amri ya kuandika kwenye kompyuta ili aione alama ya faili alilonalo.

"Ya watengenezaji inaanza na tisa, c, nne," binti alisoma. "Hii yangu, mbili, mbili, e."

"Toleo ni lile lile?"

"Lile lile."

"Umeifungua?"

"Bado."

"Ifute. Imechezewa hiyo. Ungeandika nywila, ingefika kwa mwizi kabla hujainua kidole."

Kicheko cha Mjuaji kilikuwa kimekauka. "Faili langu la matibabu pia limo mle," alisema polepole.

Binti akaifuta, akapakua upya kutoka kwa watengenezaji. Mjuaji akasoma alama ya kwenye tovuti, binti akifuatisha ile ya faili kwa ncha ya kalamu mpaka herufi ya mwisho. Zikalingana. Hapo ndipo alipobonyeza.

Mjuaji akakohoa, akavuta kiti karibu.

"Dada, ile amri... inaandikwaje?"

Binti akamsogezea kalamu na karatasi. Kweli, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.